Baiskeli Iliyokata Kushoto

Niliinyoosha mbele, yenyewe ikakata kushoto.

Nikashika breki, nikairudisha kwenye njia panda, nikauelekeza usukani moja kwa moja kama ramani ya kaunti ilivyoagiza, nikakanyaga pedali. Ikaenda kwa adabu kidogo. Kisha usukani ukajipinda mikononi mwangu, taratibu, bila ugomvi, na gurudumu la mbele likaingia tena kwenye ule ujia wa udongo mwekundu uliofunikwa na migomba. Kwenye ramani hapakuwa na njia hapo. Kwa mujibu wa ramani nilikuwa nikiendesha ndani ya shina la mgomba.

"Karani," nikaiambia, maana hilo ndilo jina shangazi alilompa, "afisa hapa ni mimi."

Baiskeli zetu hazisemi, na nashukuru, kwa sababu huyu angesema angenitukana.

Naitwa Mghoi. Wiki hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kazini, afisa mpya wa nyuki katika milima ya Taita, na kazi hiyo nilikuwa nimeirithi kutoka kwa shangazi yangu Mkawasi, pamoja na baiskeli yake. Mimi ni mtoto wa Voi. Nimezaliwa kwenye joto na ardhi tambarare, na milimani nilikuwa nikija Krismasi na mazishini tu. Shangazi naye aliijua kila kona ya vilima hivi tangu enzi za pikipiki za petroli, zilizokuwa zikipiga kelele mpaka nyuki wanahama. Zilipopigwa marufuku na kaunti ikagawa baiskeli za umeme, yeye alikuwa wa kwanza kusaini.

Baiskeli hizi ukizipanda mara moja hutaki tena kushuka. Ndani ya fremu kuna gurudumu dogo linalozunguka kwa kasi, ndilo linaloizuia isianguke hata kama mpandaji hajui lolote. Ukishuka mteremko, betri inajaa. Na chini ya tandiko kuna kibongo, kitu kidogo cha ukubwa wa parachichi, kazi yake ni kumsoma mpandaji: anaegemea wapi, anapunguza mwendo wapi, anampigia nani kengele. Baada ya miaka michache baiskeli inamjua mwenyewe mpaka akisinzia inamfikisha. Hayo ndiyo tunayoyaita mazoea.

Na mazoea, kwa sheria, ni mali ya mtu. Baiskeli ikibadilisha mikono, mpokeaji ana wiki moja ya kuipeleka kwa fundi ifutwe, na kabla haijafutwa haruhusiwi kuipanda. Anaikokota tu.

Shangazi hakungoja sheria iseme. Siku aliyonikabidhi Karani alinishika mkono akaukaza. "Ifutwe kwanza, Mghoi. Mazoea ya mtu ni kama nguo zake za ndani. Hayaazimwi."

"Sawa, shangazi."

"Na huko juu wakikuuliza, sema nimestaafu. Basi. Mguu wangu usiutangaze vilimani."

"Sawa, shangazi."

Mguu wenyewe ulikuwa na nyonga ya chuma. Alianguka jikoni kwake akikwangua ukoko wa ugali, mwanamke aliyekuwa akishuka Wundanyi hadi Mwatate huku akila muwa. Tangu siku hiyo akawa anatembea na mkongojo, akahamia kwa baba yangu Mwatate, ambako familia yetu ilikuwa imeshahamia kutoka Voi, na akatangaza kwamba hataki mgeni.

Basi nikamkokota Karani hadi kwa fundi Mwadime pale Wundanyi. Nikakuta foleni ya baiskeli inayofika barabarani. Mimi nina mizinga ya kukagua kote vilimani, sijui njia hata moja, ramani inanipeleka ndani ya migomba, na pale mkononi nimeshika kitu kinachojua kila ujia. Nifanyeje? Nikapanda.

Nasema kweli, sijawahi kufurahi hivyo. Karani alinitoa Wundanyi kwa uchochoro wa nyuma ya soko, akanipitisha kando ya mfereji wa maji ambapo wanawake walikuwa wakiosha kabichi, akapunguza mwendo kabla ya mbwa mmoja mkali ambaye mimi nilikuwa hata sijamwona. Akasimama penye mwamba mmoja bila sababu. Nikainua macho, nikaona nyika yote ya Tsavo imetandazwa chini yangu hadi Kasigau, na ukungu ukipanda kutoka mabondeni. Kumbe shangazi alikuwa akisimama hapo kila siku kutazama tu. Mimi niliyemdhani ni mtu wa mizinga na kufoka, nikakaa pale nikala ndizi yangu nikimwazia upya.

Nyumba zingine Karani alizipigia kengele mara moja, watu wakainua mkono kabla hawajanitazama usoni. Mteremkoni kwenda Mwatate alijiachia hata nikapiga yowe, betri ikajaa, na chini pale kwenye kinu cha unga akajisogeza mwenyewe mpaka kwenye nguzo ya kushukia. Ndiyo desturi ya huku: umeme unaokuzidi baada ya mteremko unauacha kwenye nguzo, kinu kinasagia watu. Mama Samba, mwenye kinu, alitoa kichwa dirishani. "Karani amekuja na mtu mwepesi leo," akasema. "Nyama huna, mwanangu. Shangazi yako akishuka nilikuwa nasaga debe zima."

Hivyo ndivyo nilivyozunguka kaunti mpaka Alhamisi, nikijiambia kila asubuhi kwamba Ijumaa nitampeleka kwa fundi, na kwani nani atajua.

Alhamisi ndiyo Karani akakata kushoto.

*

Ujia ule ulipanda ukapinda ukatokea kwenye mgongo wa kilima wanaouita Kidakanyi. Sasa hapa nieleze kitu kimoja cha kazi yetu. Ofisi ya nyuki ya kaunti ipo kwa sababu ya tembo. Kule chini mbugani wanaingia mashambani kula mahindi, na kitu pekee wanachokiogopa ni nyuki, kwa hiyo tunafunga mizinga kwenye waya kuzunguka mashamba. Tembo akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, tembo anakimbia na masikio yake. Lakini Kidakanyi ni juu sana, baridi na mawe. Tembo hajawahi kupanda huko. Na pasipo na tembo, ofisi yetu haina mzinga wala sababu ya kupita.

Karani alipita. Alienda moja kwa moja hadi kwenye nyumba ya mawe yenye paa la bati la kijani, na kengele ikajilia yenyewe: mbili fupi, moja ndefu. Nyumba nyingine zote alikuwa amezipigia moja tu.

Mlango ulifunguliwa kabla ile ndefu haijaisha. Alitoka mzee mrefu, mwembamba, mwenye shati la samawati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, vifungo vyote hadi shingoni. Alikuwa amebeba kibuyu kwa mikono miwili, anakuja mbio, ile mbio ya mtu mzima asiyetaka ionekane kuwa ni mbio.

"Afisa," alisema, kisha akaniona.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alimtazama Karani, akanitazama mimi, kisha akatazama ujia nyuma yangu kana kwamba kuna mtu mwingine anakuja. "Hii si ni Karani?"

"Ndiye."

"Na mwenyewe?"

"Amestaafu," nikasema kama nilivyoagizwa.

"Amestaafu." Alikishusha kibuyu kwenye ukingo wa baraza polepole. "Mimi hakuniambia."

Niliona uso wake ukishuka pamoja na kibuyu, nikatamani nimezwe na ardhi. Lakini mzee alikuwa na adabu zake. Akasema anaitwa Righa, akasema nisisimame juani, akasema chakula kiko tayari na amepika cha watu wawili. Ndani kulikuwa na meza ndogo dirishani, viti viwili, vikombe viwili. Kimanga cha muhogo na maharagwe kilikuwa bado kinatoa mvuke, na pembeni maziwa ya mgando. Nilikaa kwenye kiti cha shangazi yangu. Nilijua ni chake kwa sababu kilikuwa na mto, na mto ulikuwa umefumwa kwa ule mshono wake wa mafundo mawili ambao nyumbani kwetu umefunika kila kitu hadi redio.

Shangazi Mkawasi, mzee wa kanisa. Shangazi aliyenifukuza mezani kwa kucheka wakati wa sala. Nilijishughulisha na maharagwe, maana nilijua nikifungua mdomo nitacheka au nitalia.

"Ananionea hasira," Mzee Righa akasema. "Na ana haki."

"Kwa nini, baba?"

"Nilirina asali peke yangu." Alisema kama mtu anayetaja wizi wa ng'ombe. Alinielekeza dirishani, na huko nyuma ya nyumba kulikuwa na mzinga mmoja tu, umepakwa rangi ya manjano. "Huo alinipa yeye, kutoka mfukoni mwake, si wa kaunti. Tulikuwa tunarina pamoja, miaka yote, yeye na moshi, mimi na ndoo. Mwezi wa pili siafu wakauvamia. Ningemngoja nisingepata hata sega moja. Nikarina. Alhamisi iliyofuata hakuja, na hajaja tena. Nampigia simu, hapokei."

"Labda ana shughuli."

"Mwanangu, Mkawasi hana shughuli siku ya Alhamisi."

Halafu akanieleza habari ya kibuyu. Ndani kulikuwa na asali ile ile, imechanganywa na maji. Kwetu, anayejua mila anajua: mtu mwenye hasira moyoni anachukua funda la kinywaji, analipuliza nje, anatamka kwamba hasira imetoka, na baraka zije. Tunaita kutasa. Zamani ilikuwa pombe ya miwa, lakini kwa mzee wa kanisa Righa aliona maji ya asali yanafaa zaidi. Kila Alhamisi alikuwa akitengeneza kibuyu kipya, akivaa shati, akingoja shangazi yangu aje kutoa hasira yake.

"Si umfuate wewe?" nikauliza.

Alinitazama kwa huruma, akaona kweli mimi ni mtoto wa Voi. "Mwenye hasira ndiye anayetasa, kwa wakati wake. Mwenye kosa akienda kumgongea mlango atoe hasira, hiyo ni hasira ya pili."

Nami nikiwa na kijiko mdomoni nikaelewa jambo lote. Shangazi hakuwa na hasira hata chembe. Alikuwa Mwatate amekaa nje ya nyumba ya baba akitazama kilima. Kila Alhamisi, sasa nilikumbuka vizuri, alikuwa haongeleki, anagombana na kuku, anarudisha chai kwamba imepoa. Yule kule hataki aonekane na mkongojo, huyu huku anangoja hasira isiyokuwapo. Wangengoja hivyo mpaka mmoja azikwe.

Na mimi nikiwa katikati, nimefungwa mdomo pande zote mbili. Nikimwambia huyu mzee habari ya mguu, nimemvunjia shangazi ahadi. Nikimwambia shangazi habari ya huyu mzee, lazima niseme nimejuaje, na nimejua kwa kumpekua. Nikinyamaza na kumpeleka Karani kwa fundi kesho, kila kitu kitafutika, sheria itaridhika kabisa, na Alhamisi ijayo atapika tena kimanga cha wawili.

"Utamsalimia?" Mzee Righa akauliza nilipopanda.

"Nitamsalimia," nikasema, na mara hiyo hiyo nikajua nimeshachagua, maana salamu hiyo haiwezi kufika bila kueleza ilikotoka.

*

Shangazi alikuwa nje, mkongojo umeegemezwa kwenye waridi zake, miguu kwenye kigoda, anachambua mchicha. Jua bado lilikuwa juu ya kilima. Nilimwegemeza Karani ukutani nikakaa chini.

"Fundi amemaliza foleni yake?" akauliza.

"Shangazi, sijamfuta."

Mkono wake ukasimama juu ya sinia.

"Nimempanda tangu Jumanne," nikaendelea, haraka, kabla moyo haujarudi nyuma. "Nilikuwa sijui njia. Leo amenipeleka Kidakanyi. Nimekula kimanga. Nimekaa kwenye kiti chenye mto."

Nimeshagombezwa na shangazi maishani mwangu kwa mambo mengi, na nilikuwa nimejiandaa. Hakunigombeza. Alinitazama tu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefunguliwa mlango wa bafu.

"Nilikuambia nini?" akasema.

"Ni kama nguo za ndani."

"Na ukazivaa."

"Nikazivaa. Nisamehe, shangazi. Ukitaka kunishtaki ofisini, nishtaki, nitasema ni kweli. Lakini siwezi kukaa na wewe hapa nikajifanya sijui."

Alirudi kwenye mchicha. Alichambua jani, akachambua jingine, na lile zuri akalitupia kuku. "Kesho asubuhi utampeleka kwa Mwadime, afutwe kabisa. Kisha hatutazungumza habari hii."

"Sawa, shangazi."

"Umemwambia habari za mguu?"

"Sikusema. Nilisema umestaafu. Anadhani una hasira naye kwa sababu ya asali. Kila Alhamisi anatengeneza kibuyu, anakungoja ukatase."

"Hasira," akasema. "Mimi?"

"Ndivyo anavyodhani."

Baba alipita na ng'ombe wake, akatusalimu, akaona hewa ya hapo, akaharakisha. Kuku wakamaliza mchicha wote wa kwenye ukingo wa sinia na shangazi hakuwafukuza. Nilikuwa nimeshasimama niende zangu jikoni aliposema, huku akitazama kilima na si mimi:

"Alikuwa amevaa nini?"

"Shati la samawati. Limepigwa pasi."

"Vifungo?"

"Vyote. Mpaka shingoni."

Akatikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayesikia wimbo kwa mbali. "Atajinyonga siku moja huyo mtu," akasema. Kisha akajikohoza, sauti yake ya ofisi ikarudi. "Kwa hiyo tumeelewana. Kesho jioni, kwa Mwadime."

"Ulisema asubuhi, shangazi."

"Nilisema jioni. Masikio yako yana nini?"

*

Kabla umande haujakauka nilikuwa Kidakanyi. Kengele ikalia mbili fupi moja ndefu, na Mzee Righa akatoka na fulana ya kulimia, maana haikuwa Alhamisi.

"Baba," nikasema, "shangazi hana hasira na wewe. Zaidi ya hapo sina ruhusa ya kusema. Lakini Karani anajua njia ya kwake, na leo jioni atafutwa, hatajua tena. Ukitaka kwenda, ni sasa."

"Ameniita?"

Hapo nilifikiri kidogo, kwa sababu sikutaka kusema uongo hata mmoja. "Aliuliza ulivaa nini."

Mzee Righa aliingia ndani. Nilisikia sanduku likifunguliwa, maji yakimwagwa, kitu kikianguka. Alitoka na shati la samawati na kibuyu kimefungwa kwa kamba mgongoni.

"Mimi sijawahi kupanda hivi vitu," akasema.

"Hakianguki. Wewe shika usukani tu, usishindane naye. Mimi nitakaa nyuma."

Tulianza. Karani, akisikia uzito wa wawili, alinguruma kidogo kisha akatulia. Mzee Righa alikuwa ameukaza usukani kana kwamba ni pembe za fahali, mabega masikioni, anataja jina la Mungu kwa kila jiwe. Tukapita migomba, tukatoka kwenye njia panda, na pale kwenye mwamba Karani akasimama kutazama nyika kama kawaida yake.

"Mbona imesimama? Imeharibika?"

"Hapana, baba. Ni shangazi. Hapa alikuwa anasimama kila siku."

Mzee akatazama chini, mashamba, ukungu, nyika yote. "Aliniambia habari za mahali hapa," akasema. "Mimi nilidhani anatia chumvi."

Baada ya hapo kukaja mteremko. Nilimwonya. Haikusaidia. Karani alijiachia, upepo ukaingia kwenye lile shati mpaka likafura, kibuyu kikawa kinanigonga puani, na yule mzee aliyekuwa akitaja jina la Mungu akaanza kucheka. Alicheka kona ya kwanza, akacheka ya pili, na kwenye ile kona kali ya mfereji, ambapo wanawake wa kabichi walisimama wakatukodolea macho, aliachia mkono mmoja akawapungia. Nami nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Watoto wa shule wakatukimbilia. Kufika chini, kwenye nguzo ya kinu, taa ya betri ilikuwa imejaa pomoni, na Mama Samba alitoka nje kabisa.

"Leo ndiyo mzigo," akasema. "Nileteeni huyu mzee kila siku."

Mzee Righa alishuka kidogo kunyoosha miguu, lakini hakukubali kupumzika. Akalikung'uta shati lake vumbi, akajifunga kifungo cha shingoni kilichofunguka. "Twende," akasema, "kabla sijaogopa."

Kutoka kinuni hadi kwetu ni pafupi. Sikugusa kitu. Karani alifuata ua wa minyaa, akakata kulia, akasimama langoni. Kisha akapiga kengele, moja, ya kawaida, ile ambayo shangazi alikuwa akiipiga miaka yote anaporudi nyumbani kwa baba siku za Jumapili.

Shangazi alikuwa amesimama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha harusi za watu wengine, kile cha zambarau, na amejifunga kilemba. Mkongojo alikuwa ameuficha nyuma ya mgongo. Lakini mtu mwenye nyonga mpya hawezi kusimama hivyo kwa muda mrefu, na Karani alikuwa amechelewa kwa sababu ya mwamba. Tulimwona akiyumba. Mkongojo ukatoka mbele, akauegemea, na akafumba macho.

Mzee Righa alishuka. Alitazama mkongojo, akatazama mguu ulionyooka vibaya, akatazama uso.

"Tangu lini?" akauliza.

"Mwezi wa pili."

"Kwa hiyo si asali."

"Asali gani, Righa? Ungeiacha siafu waile?"

Alifungua kamba, akakishusha kibuyu kutoka mgongoni. Nilidhani atampa. Nilijua desturi sasa, nikajisogeza pembeni nipishe. Lakini mzee aliking'oa kifuniko mwenyewe.

"Nilikuletea uoshe hasira yako," akasema. "Kumbe mwenye hasira ni mimi. Ninayo, Mkawasi, sikuijua mpaka nilipouona huo mti mkononi mwako. Umeanguka, umepasuliwa, umelazwa, na mimi nakaa kule juu napiga pasi. Ulidhani nilikuwa nakuja mlangoni kutazama miguu?"

Shangazi akakirekebisha kilemba chake kwa mkono mmoja.

Mzee Righa akachukua funda, akageuka upande, akalipuliza juu ya waridi. "Hasira nimeitoa," akasema. "Imetoka. Moyo utulie, mguu huu upone, mizinga ijae, mvua inyeshe." Akachukua la pili, akapuliza tena. Kisha akamkabidhi kibuyu. "Wewe huna ya kutema. Basi kunywa."

Shangazi alikunywa. Alikunywa mpaka maji ya asali yakamtiririka kidevuni kwenye kile kitenge cha zambarau, huku analia, na sikumwona akijipangusa. Nami nililia pale nyuma ya baiskeli. Baba alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, hajui hili wala lile, akauliza kama mgeni atakula.

"Atakula," shangazi akasema. "Mletee kiti. Kile changu chenye mto."

*

Jioni nilimpeleka Karani kwa Mwadime. Kabla sijaondoka nilimuuliza shangazi tena kama ana hakika, maana mambo yote sasa yalikuwa wazi, kulikuwa na haja gani ya kufuta?

"Kwani unadhani Kidakanyi ndiyo kona pekee?" akasema.

Nilimtazama kuona kama anatania. Mpaka leo sijui. Mwadime alichomeka waya wake, taa ndogo chini ya tandiko ikazimika ikawaka tena, na Karani nikamrudisha akiwa hajui hata mlango wa kinu. Wiki iliyofuata nilipotea kila siku. Yule mbwa mkali alinipata vizuri tu. Niliuliza njia kwa kila mtu, nikanywa chai kwenye nyumba ambazo shangazi alikuwa akizipigia kengele na kupita, na polepole nikaanza kuwa na kona zangu mwenyewe, ambazo sitawaambia.

Alhamisi nilikuta shangazi langoni na mkoba wake, ameketi juu ya kiti cha nyuma cha Karani, mkongojo umefungwa kando kwa kamba ya kibuyu.

"Daktari alisema usipande baiskeli," nikamkumbusha.

"Alisema nisiendeshe. Kubebwa hakukutaja."

Mama Samba alitujazia betri kutoka kwenye nguzo yake bila kuulizwa, na tukaanza kupanda. Karani alilalamika njia nzima. Pale kwenye mwamba alitaka kupita, shangazi akanipiga bega. "Hapa tunasimama." Tukasimama, tukatazama. Kwenye njia panda Karani akanyoosha mbele, mpumbavu kama ramani.

"Kushoto," shangazi akasema. "Mwegemeze polepole, ndivyo anavyojifunza. Hivyo. Tena usimshike breki hapa, kuna utelezi. Sasa piga kengele."

"Moja?"

"Mbili fupi, moja ndefu. Na uipige vizuri, Mghoi, maana hii nataka aishike."